Anayeona na Kinachoonwa: Akili na Fahamu Katika Falsafa ya Yoga

Kila inapokaribia tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, mabishano yaleyale hurudi. Picha za watu waliotandika mikeka viwanjani zinasambaa kwenye simu, na maoni yanafuata. Mmoja anasema yoga ni mazoezi ya viungo tu. Mwingine anaonya kwamba ukifunga macho na kuondoa mawazo yote unaacha mlango wazi, na kitakachoingia hukijui. Wa tatu anazungumzia kuwa kitu kimoja na ulimwengu. Umoja wa Mataifa ulipoipitisha siku hiyo Desemba 2014, azimio liliungwa mkono na nchi 177, kwa hiyo hili si jambo la pembeni tena, na watu wana haki ya kuuliza wanaalikwa kwenye kitu gani.

Naamini mkanganyiko mwingi unatoka mahali pamoja. Wanaoitetea yoga na wanaoipinga, wote huzungumza kuhusu akili, fahamu, nafsi na roho kana kwamba ni majina ya kitu kimoja. Falsafa ya yoga imejengwa juu ya kulikataa jambo hilohilo. Inasema akili na fahamu ni mambo mawili, tena yasiyofanana hata kidogo: akili ni kitu kinachoonwa, fahamu ndiyo inayoona. Asiyelishika hili, hata mwalimu mzuri atamchanganya.

Kwanza, yoga ipi? India ina mapokeo mengi yanayobeba jina hilo, na hayakubaliani. Hapa nafuata lile linaloheshimiwa kama msingi wa falsafa yake, yaani Yoga Sutra za Patanjali. Ni kauli fupifupi 195, au 196 katika baadhi ya nakala, zilizoandikwa kwa Kisanskriti. Wataalamu hawakubaliani kuhusu tarehe, lakini wengi wa siku hizi huziweka katika karne tano za mwanzo baada ya Kristo. Kauli zenyewe ni fupi mno kiasi kwamba bila ufafanuzi wa kale unaoitwa wa Vyasa nyingi zisingeeleweka. Na nyuma ya Patanjali kuna falsafa nyingine, Samkhya, ambayo ndiyo iliyompa ramani ya dunia anayoitumia.

Sasa maneno. Akili, ambayo Patanjali anaiita chitta, ni pana kuliko tunavyoitumia tunaposema mtoto fulani ana akili darasani. Ni yote yanayopita ndani ya mtu: kufikiri, kukumbuka, kutamani, kuogopa, kuota, kuamua. Fahamu ni jambo jingine. Siyo ile ya hospitalini, ya mgonjwa kupoteza fahamu na kuzinduka. Hapa fahamu ni ule ukweli kwamba mambo hayo yanajulikana, kwamba yupo ambaye kwake wazo linaonekana na maumivu yanasikika. Samkhya na yoga humwita purusha. Mimi nitamwita Shahidi, kwa sababu kazi yake ni hiyo peke yake. Patanjali anasema mwonaji ni kuona kutupu. Hafikiri, haamui, hakumbuki, hatamani.

Kila kisichokuwa Shahidi kimo upande wa pili, upande wa prakriti, yaani maumbile. Na hapa ndipo mtu anapaswa kusoma polepole, kwa sababu upande huo hauna mawe, maji na miili peke yake. Akili nayo imo. Wazo ni kitu cha maumbile, chepesi na chembamba kuliko mfupa, lakini ni cha ukoo uleule. Samkhya huhesabu vipengele 25 vya uhalisi wote, na 24 kati yake ni vya maumbile. Kimoja tu ni Shahidi.

Akili yenyewe ina watumishi watatu. Chukua tukio la kawaida: simu inaita usiku wa manane. Sikio linaleta sauti. Mtumishi wa kwanza, manasi, anaikusanya sauti hiyo pamoja na mwanga wa kioo cha simu na kuvifanya habari moja. Wa pili, ahamkara, ambaye tunaweza kumwita umimi, anaidai habari hiyo: ni simu yangu, naitwa mimi, usingizi uliokatizwa ni wangu. Wa tatu, buddhi, anapambanua na kuhukumu: hii ni namba ya nyumbani, saa hizi si bure, pokea. Yote hayo hufanyika kwa kufumba na kufumbua. Kwa mujibu wa falsafa hii, mpaka hapo bado hatujamgusa anayejua. Tumeeleza kazi ya mtambo, mzuri na mwepesi, lakini mtambo.

Katha Upanishadi, andiko la kale kuliko Patanjali, lilichora picha ya gari la farasi: mwili ni gari, hisi ni farasi, manasi ni hatamu, buddhi ni dereva, na nafsi ya kweli ni yule aliyepanda. Samkhya ilikwenda mbali zaidi, ikasema aliyepanda hata haelekezi njia.

Kama akili ni maumbile tu, mbona inaonekana ina uhai wa kujua? Hapa mfano wa mbalamwezi unanisaidia. Mwezi mpevu ukiwa juu, mtu anatembea pwani usiku na kuona mitumbwi, nyavu na hata sura ya anayekutana naye. Mwanga ule anauona unatoka mwezini, na kwa matumizi yake hana haja ya kusema vingine. Lakini mwezi ni jiwe lisilo na mwanga wake. Uondoe jua, mwezi unabaki palepale, na hakuna anayeuona. Akili ndivyo ilivyo mbele ya Shahidi. Buddhi, kwa kuwa ndiyo sehemu safi kabisa ya maumbile, inapokea mwanga wake na kung'aa kana kwamba mwanga ni wake. Kuanzia hapo mtu husema "mimi" akimaanisha akili.

Kosa hilo la kuchanganya mwonaji na chombo cha kuonea, Patanjali analiweka miongoni mwa visumbufu vitano vya binadamu. Cha kwanza ni ujinga, na ndiyo udongo ambamo vingine vinne vinaota: huo umimi wa kujichanganya na akili, kung'ang'ania kilichotupa raha, kuchukia kilichotuumiza, na hofu ya kufa, ambayo Patanjali anasema inawashika hata wenye hekima. Nimelipenda sana jambo hilo la mwisho, kwa kuwa halimdanganyi mtu kwamba kusoma kunatosha.

Je, wana hoja, au ni kuamini tu? Wana hoja, na ziko katika sura ya nne ya Sutra. Ya kwanza: akili hubadilika kila wakati, sasa ina hasira, baadaye ina huzuni, kisha inawaza bei ya unga. Mabadiliko hayo yote yanajulikana. Ili mabadiliko yajulikane kuwa ni mabadiliko, lazima yawepo mbele ya kitu ambacho chenyewe hakikubadilika pamoja nayo. Ya pili: akili ni kitu kinachoonwa, maana naweza kuitazama hasira yangu, na kinachoonwa hakiwezi wakati huohuo kuwa ndicho kinachoona. Ukisema akili inaonwa na akili nyingine, basi hiyo ya pili itahitaji ya tatu, na ya tatu itahitaji ya nne, bila mwisho, na kumbukumbu zingevurugika kabisa.

Hoja hizi hazikupita bila kujibiwa. Baadhi ya wanafikra wa Kibudha walisema taa haihitaji taa nyingine ili ionekane. Inaangaza chumba na kujiangaza yenyewe, na akili ni hivyohivyo. Wakahitimisha kwamba hakuna haja ya Shahidi yeyote nyuma yake. Ni jibu zito, na kwa karne nyingi pande hizi mbili ziliandikiana kwa ukali. Kwa hiyo anayekuambia "falsafa ya Mashariki inafundisha kwamba…" kuhusu fahamu, mwombe aseme ni nani hasa, maana huko nako watu walipingana vikali.

Kwa msomaji aliyepita shule zetu, kikwazo kikubwa ni mgawanyo tuliourithi kutoka Ulaya. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aligawanya binadamu kwa kisu kimoja: upande huu mwili, upande ule akili inayofikiri, na akili hiyo ndiyo roho. Yoga nayo inagawa kwa kisu kimoja, lakini inakipitisha mahali pengine. Inaweka mwili na akili upande mmoja, na upande wa pili inamweka Shahidi peke yake. Mtu akisoma Patanjali huku kichwani ana mgawanyo wa Descartes, kila ukurasa utampotosha.

Tofauti hiyo ina maana hata katika mazungumzo ya siku hizi kuhusu programu za kompyuta zinazoandika, kutafsiri na kujibu maswali. Wengi wanashtuka: kama mashine inafikiri, imebaki nini cha binadamu? Mfuasi wa Samkhya, nadhani, asingeshtuka. Kwake kufikiri, kukumbuka na kupambanua ni kazi za maumbile tangu mwanzo. Swali lake lingekuwa kama yupo yeyote ndani ya mashine ambaye kwake mawazo hayo yanaonekana. Kwa ufasaha wa majibu peke yake, hilo halijulikani.

Turudi kwenye hofu ya kuondoa mawazo. Kauli ya pili ya Sutra, inayonukuliwa kuliko zote, inasema yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Kauli ya tatu inaeleza sababu: hapo mwonaji hukaa katika hali yake mwenyewe. Ya nne inamalizia kwamba nyakati nyingine zote hujidhania kuwa ndiye misukosuko. Watu husoma ya pili na kufunga kitabu, ndiyo maana wanafikiri lengo ni utupu.

Angalia Patanjali anahesabu nini kuwa msukosuko. Ni mambo matano: ujuzi sahihi, ujuzi wa makosa, maneno yasiyo na kitu nyuma yake, kumbukumbu, na usingizi. Ndiyo, usingizi mzito usio na ndoto. Ufafanuzi wa kale unatoa ushahidi kwamba mtu akiamka husema, "Nimelala vizuri." Amejuaje? Kama usiku ule akili haikuwa na chochote, asubuhi kumbukumbu ya kulala vizuri ingetoka wapi? Hivyo usingizi ni tukio la akili, na unapaswa kutulizwa kama mengine. Mtu aliyekaa amefumba macho huku amepumbaa hajafika popote. Vyasa anataja hali tano za akili: iliyotawanyika ovyo, iliyozubaa, inayotulia mara na kutoroka mara, iliyoelekea jambo moja, na iliyotulizwa. Anasema hata ile ya tatu, yenye vipindi vya utulivu, haihesabiki kuwa yoga.

Mazoezi yenyewe yanaanza kwa kuijaza akili kitu kimoja, iwe ni pumzi, sauti au wazo fulani, na kuishikilia hapo. Hatua ya sita na ya saba za safari hii ni kuielekeza akili kwenye jambo moja, kisha kuliacha elekeo hilo litiririke bila kukatika. Na kabla ya hapo kuna masharti ya mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia kimwili, kutolimbikiza. Patanjali ameyaweka mwanzoni kabisa mwa hatua zake nane, kabla ya mkao na kabla ya pumzi. Akili ya mwongo haitulii, kwa kuwa ina mengi ya kuficha. Madarasa mengi huiruka sehemu hii, na nadhani ni hasara kubwa kuliko kushindwa kushika vidole vya miguu.

Kuhusu ule umoja na ulimwengu, jibu litawashangaza wengi. Patanjali hafundishi hivyo. Mwisho wa njia yake unaitwa kaivalya, upweke au utengano: Shahidi anatambuliwa kuwa hakuwahi kuwa maumbile, na maumbile yanamwachia. Maandiko ya Samkhya yanasema maumbile ni kama mcheza ngoma aliyekwisha kuonwa na watazamaji. Akishajionyesha, huacha kucheza. Tena Mashahidi ni wengi, kila kiumbe na wake. Wanaosema fahamu zote ni moja na ndiyo uhalisi wote ni wafuasi wa Vedanta ya mwanafalsafa Shankara, shule nyingine ya India. Walimu wa karne mbili zilizopita, mtawa wa Kihindu Vivekananda akiwa mashuhuri kati yao tangu hotuba zake za Chicago mwaka 1893, walisoma Patanjali kwa miwani ya Vedanta, na mchanganyiko huo ndio uliotufikia. Habari za kundalini, nguvu inayosemwa imelala chini ya uti wa mgongo, na mpangilio wa vituo sita au saba vya nguvu mwilini nazo zimetoka katika mapokeo mengine ya India, ya tantra. Patanjali anagusia kituo cha kitovuni tu, na kundalini haitaji kabisa.

Swali zito kwa Mwislamu au Mkristo ni hili: Shahidi ni roho? Sioni kwamba ni sawa kusema ndiyo. Roho katika dini hizi imeumbwa na Mungu, inawajibika, itahukumiwa. Shahidi hakuumbwa na yeyote, hatendi wema wala dhambi, na hana la kujibu. Mizigo ya matendo inabebwa na akili, kutoka maisha hadi maisha, kwa kuwa falsafa hii inaamini kuzaliwa upya. Patanjali anamtaja Ishvara, Bwana, lakini kama Shahidi wa pekee asiyeguswa na visumbufu. Hamtaji kama muumba wa dunia. Ukitafuta katika dini zetu kinachokaribiana na mafunzo ya yoga, utakikuta zaidi katika nafsi inayopaswa kudhibitiwa kuliko katika roho.

Kwa hiyo anayesema "hakuna imani yoyote humo" anakosea, na anayesema kunyoosha mgongo ni kuabudu anakosea pia. Mkao umepewa kauli tatu tu katika Sutra nzima, na sharti lake ni uwe imara na wa raha. Mfululizo wa mikao tunayoiona leo umetengenezwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 20, hasa na Krishnamacharya aliyefundisha Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, na wanafunzi wake kama B.K.S. Iyengar. Ndiyo maana hukumu zimetofautiana. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008; Saudi Arabia iliitambua kama shughuli ya michezo mwaka 2017; Vatican ilitoa tahadhari mwaka 1989 kuhusu mbinu za kutafakari kutoka Mashariki bila kuzikataa zote. Kila mmoja alikuwa anapima sehemu tofauti ya jambo hili.

Wapo waliolisoma bila hofu zamani. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati, alijifunza Kisanskriti na kumtafsiri Patanjali kwa Kiarabu, akaipanga kazi hiyo kwa mtindo wa maswali na majibu. Alilinganisha baadhi ya mawazo yake na ya Masufi, na pale asipokubali alisema. Natamani mijadala yetu ingefuata mwenendo wake: kwanza elewa mwenye jambo anasema nini, kisha pinga.

Liko pia dai kwamba sayansi imethibitisha. Vipimo vya ubongo wa watu wanaotafakari vipo, na vinaweza kuonyesha mabadiliko ya umakini au ya utulivu. Hayo ni mabadiliko ya akili na mwili, ambavyo falsafa yenyewe inaviita maumbile. Shahidi, kwa tafsiri yake, hawezi kuwa kitu cha kuonwa, basi hakuna mashine itakayompiga picha. Hapo mwenye shaka ana haki ya kuuliza: kama hawezi kuonekana, tutajuaje kama mmekosea? Na daktari ataongeza kwamba dawa ya usingizi ikiingia mshipani, fahamu yote inatoweka. Yoga ingejibu kwamba kilichozimwa ni akili, na Shahidi amekosa cha kushuhudia. Jibu halijipingi lenyewe, ila halimlazimishi mtu kulikubali.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, uliibuliwa ndani ya India yenyewe. Kama Shahidi hatendi, na maumbile hayajui, yanakutanaje? Samkhya ilijibu kwa mfano wa kiwete mwenye macho aliyebebwa na kipofu mwenye miguu. Shankara aliukataa mfano huo: kiwete angalau anamwambia kipofu pa kupita, na kusema ni kutenda, Shahidi wenu hasemi. Baadaye mfafanuzi Vachaspati Mishra akaeleza kwamba ukaribu wao si wa mahali wala wa wakati, ni wa kufaana tu, na taswira ya Shahidi huonekana katika buddhi. Mfafanuzi mwingine, Vijnanabhikshu, katika karne ya 16, akaona hilo halitoshi, akasema taswira inakwenda pande zote mbili: akili inampokea Shahidi, na Shahidi naye anapokea sura ya akili, bila kuguswa nayo. Mimi naona jibu lake linaeleza vizuri zaidi jinsi maumivu yanavyokuwa ya mtu fulani, ingawa linamweka Shahidi karibu mno na mabadiliko ambayo falsafa nzima ilianza kwa kumtenga nayo.